Nataka kukarabati nyumba ya wazazi Tabata, nianzie wapi kabla sijabomoa chochote?

Kitasa_Kipya

Wakuu habari za jioni. Kuna jambo linaninyima usingizi, naomba mawazo hasa kwa waliowahi kukarabati nyumba ya zamani huku watu wanaishi humo humo.

Nyumba ni ya wazazi, ipo Tabata, mzee aliimaliza 1991 na sasa ni marehemu, anaishi mama, mdogo wangu na watoto wawili wa dada. Vyumba vitatu, sebule, kibaraza mbele, jiko na choo vipo uani. Ukuta ni tofali za inchi sita. Bati ni zile geji 30 za kawaida, zimeliwa na kutu mpaka ukikaa sebuleni mchana unahesabu vitundu, mvua ikinyesha tunapanga ndoo na masufuria na kila sufuria inajua mahali pake. Umeme ni ule ule aliofunga mzee, waya zimepita juu ya ukuta kwenye vibao, soketi moja kila chumba halafu ekstensheni zimeungana kama mabehewa. Na juu ya dirisha la chumba cha mama kuna ufa, umeanzia kona ya dirisha unapanda kwa mshazari mpaka kwenye dari.

Ninachotaka: kwanza mama apate choo na bafu chumbani kwake maana magoti yanamsumbua, usiku kutoka na tochi mpaka uani sio maisha. Halafu bati mpya, dari ya jipsamu, jiko liingie ndani kwa kuvunja ukuta wa kati ya sebule na chumba cha tatu, tailizi nyumba nzima, rangi, grili. Najua ni mengi.

Mkononi nina milioni 11, Aprili tunavunja kikoba napata kama 5 nyingine. Agosti ni harusi ya mdogo wangu na wageni wa Tanga watafikia hapo hapo. Nimemleta fundi mmoja jana, kazunguka dakika kumi mikono mfukoni, hakuwa na hata futi ya kupimia, kasema "bosi andaa ishirini tunamaliza kila kitu, Februari mwishoni tunaezua". Nikamuuliza ishirini imetoka wapi akasema uzoefu.

Sasa hivi ni Novemba. Nina miezi ya kujipanga. Nianzie wapi?

---

mtoto_wa_segerea

Kaka kuezua mwisho wa Februari ni kuyaita masika kwa jina lake kamili. Machi ikiingia bado hamjapata mbao mnabaki na turubai na mama analala kwa jirani. Ezua Januari mapema au subiri Juni, hapo katikati usimguse mtu bati lake.

Na weka picha ya huo ufa.

---

Bi_Rukia_wa_Ukonga

Mwanangu hongera kwa kumfikiria mama. Mimi nitakusimulia yangu maana nilifanya kila kosa lililopo.

Mwaka ule nilikuwa na shughuli ya mwanangu, nikasema watu wasinione na sakafu ya saruji imechimbika, nikaanza na tailizi. Sebule na korido yote, nyeupe zina mishipa ya kijivu, zilipendeza jamani acha. Shughuli ikapita, wageni wakasifia. Miezi minne baadaye ndio nikapata pesa ya choo cha ndani. Fundi bomba anakuja anapima anasema mama, bomba la inchi nne lazima lipite kwenye korido, hakuna njia nyingine. Nilimwangalia nikadhani anatania. Wakaja na grainda, vumbi likaingia mpaka ndani ya mashuka kabatini, wakavunja tailizi kumi na nne nzima nzima, nilikuwa nimekaa kibarazani nahesabu mlio mmoja mmoja.

Sasa kurudishia. Nikaenda duka lile lile na kipande mkononi, jina la tailizi lile lile, boksi lile lile, kuja kuzipanga zimekuwa na umanjano kidogo. Kumbe kwenye boksi pembeni kuna namba ya toleo na namba ya rangi, kiwanda kikichoma mzigo mwingine rangi inahama kidogo. Mpaka leo korido yangu ina mstari kama njia ya siafu. Nimetandika mkeka juu, na kila mgeni anashangaa kwa nini natandika mkeka juu ya tailizi.

Kwa hiyo tailizi ziwe karibu na mwisho, na ukinunua nunua zote siku moja, soma hizo namba kwenye kila boksi kabla kirikuu haijaondoka dukani. Hesabu yake si ngumu, zile za 60 kwa 60 boksi la vipande vinne linafunika mita za mraba 1.44, sebule ya mita 5 kwa 4.5 ni 22.5, unaongeza asilimia kumi ya kukatwa na kuvunjika unapata kama 24.75, gawa kwa 1.44 unakuta boksi 17 na kidogo, unachukua 18. Mimi ningechukua na mbili za kuweka uvunguni. Siku kitu kikivunjika hutakuja kuzipata tena.

Halafu lingine, choo cha uani usikiguse mpaka cha ndani kimefanya kazi mwezi mzima. Mafundi wanapenda kubomoa cha zamani ili wapate kifusi cha kujazia. Wakatalie. Wageni wa harusi wote watajisaidia wapi, chumbani kwa mama?

---

Kitasa_Kipya

Bi Rukia nimecheka halafu nikanyamaza, maana hilo la kuanza na tailizi ndio lilikuwa kichwani mwangu kwa sababu ya hiyo hiyo harusi. Asante sana mama.

---

Pima_Maji

Mimi ni fundi, mwashi na bomba, nina miaka kumi na tisa kwenye hii kazi. Nimesoma post yako mara mbili.

La kwanza, huyo wa mikono mfukoni mwache. Fundi asiyepima hajui bei yake mwenyewe, anakupa namba kubwa kidogo kuliko anayodhani unayo, mkifika katikati anarudi na mikono ile ile. Lakini na nyie wenye nyumba mnatuponza. Mtu anasema choo kiwe hapa, tumechimba, tumelaza bomba, jioni anatoka kazini ameona picha kwenye simu, anasema hapana hamishia kule. Ile siku nani anailipa? Ndio maana wengine wanaweka bei ya juu toka mwanzo, wanalipia hasira zao kabla.

Sasa kazi yako. Watu watakwambia anza na bati, ni kweli kimpangilio juu ndio kunatangulia. Lakini kabla ya kununua hata msumari kuna kitu kimoja kitaamua nyumba yako yote, ni hicho choo cha mama. Sababu ni maporomoko, yaani mteremko wa bomba.

Bomba la inchi nne la maji machafu linataka kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita moja. Ukilaza bapa uchafu unakaa. Na ukilaza mteremko mkali kupita kiasi maji yanakimbia yanaacha mzigo nyuma, nimefungua chemba nyingi za namna hiyo na sitaki kueleza zaidi watu wanakula. Kwa hiyo chukua mfano chumba cha mama kipo nyuma na shimo la maji machafu lipo mbele kwenye barabara ili gari la kunyonya lifike, umbali ni mita 18. Mara 2.5 ni sentimita 45 za kushuka. Ongeza kama 30 ambazo bomba limeshazama chini ya sakafu pale linapoanzia. Unafika shimoni ukiwa sentimita 75 chini ya sakafu ya ndani. Je mdomo wa kuingilia kwenye shimo lako uko chini kiasi hicho? Kama uko juu, hapo hakuna fundi wala maombi, utainua sakafu ya choo iwe na ngazi, na mama ana magoti, au utachimba shimo jipya, au utahamisha choo kiwe upande wa shimo. Hayo mambo matatu yana bei tofauti kabisa na yanabadilisha ramani yako yote, mpaka wapi tanki, wapi jiko.

Kupima huhitaji mtaalamu. Nunua mpira mweupe unaoonyesha ndani, mita 20, jaza maji, mmoja ashike ncha moja kwenye usawa wa sakafu ya chumbani, mwingine ashike ncha ya pili pale shimoni. Maji yakitulia yanakuwa usawa mmoja pande zote mbili hata kuwe na kona ngapi katikati. Fungua mfuniko wa shimo, pima kwa futi kutoka usawa wa maji mpaka ulipo mdomo wa bomba. Andika kwenye karatasi.

La pili ni dari. Panda juu na tochi na bisibisi. Kenchi, yaani zile fremu za mbao zinazobeba paa, za 1991 nyingi mbao zake hazikuwekwa dawa. Choma bisibisi kwenye kila mbao hasa zile zinazokalia ukuta na pale panapovuja, ikiingia kama kwenye mkate jua mchwa walishapaua kabla yako. Kama kenchi ni nzima unabadilisha bati na papi tu, zile mbao zinazopigiliwa bati, kama zimeoza unapaua upya, na hapo milioni 11 zitaonekana chache. Bati chukua geji 28, namba ikipungua bati linakuwa nene, wengi wanafikiri kinyume chake na wauzaji wanawaacha wafikiri hivyo.

Ukiwa huko huko juu angalia ule ukuta unaotaka kuvunja. Kenchi zinaukalia au zinapita juu bila kuugusa? Kama zinaukalia huo ukuta umebeba paa, haushushwi na nyundo ya asubuhi moja, unataka boriti ya zege na nondo na mtu aliyesomea ahesabu nondo ngapi. Usikubali fundi yeyote, hata mimi, akuambie kwa macho.

Ufa wa kona ya dirisha mara nyingi ni lenta, ile boriti ya juu ya dirisha, haikufika mbali ya kutosha pembeni au haipo kabisa, lakini inaweza kuwa msingi unakaa. Weka alama mbili za penseli, moja huku moja kule ya ufa, pima umbali kwa rula, andika tarehe ukutani. Pima tena kila mwezi. Una Novemba mpaka Januari na vuli inanyesha, ukiona umbali unaongezeka acha rangi na jipsamu kabisa mpaka msingi uangaliwe.

Pesa ya ufundi usilipe kwa siku. Lipa kwa hatua iliyoisha. Vifaa nunua mwenyewe au nenda naye hadiwea, risiti ziwe kwako. Sakafu ya bafu ikishapigwa zege na dawa ya kuzuia maji, ziba tundu, jaza maji yakae siku nzima, uone kama yanapungua au kama ukuta wa nje unalowa. Ndio tailizi. Fundi akikasirika kwa hilo jaribio umeshapata jibu lako.

---

Jenga_Upya

Mimi nitasema ukweli ambao hamtaki. Nyumba ya 1991, bati bovu, umeme mbovu, ufa, choo hakuna. Hiyo bomoa jenga mpya. Ukarabati unakula pesa kama mchwa, mwisho unakuwa na nyumba ya zamani yenye rangi mpya.

---

mtoto_wa_segerea

Wewe Jenga Upya kila uzi jibu lako moja. Juzi mtu kauliza kitasa ukamwambia abomoe.

Ana milioni 16 na mama yupo ndani ya nyumba. Abomoe amuweke wapi?

---

Karani_Mstaafu

Nimewasoma wote, mnaongelea bomba na bati vizuri sana ila hakuna aliyeuliza nyumba ni ya nani.

Kitasa umesema mzee ni marehemu. Je mirathi ilifunguliwa? Kuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama? Hati au ile karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa bado inasoma jina la mzee? Umetaja dada na mdogo, pengine kuna na wengine. Mimi nimekaa kwenye ofisi miaka mingi nikipokea watu, na kesi zinazoumiza si za kugombea kiwanja, ni za mtoto mmoja aliyekarabati nyumba ya urithi kwa pesa yake kwa mapenzi mema, miaka sita baadaye mama hayupo, ndugu wanasema tuuze tugawane sawa, yeye anasema na milioni zangu kumi na sita, wanamwambia ulikuwa unamsaidia mama.

Simaanishi ndugu zako wabaya. Kaa nao kabla ya fundi kuja, mama awepo, mweleze unachotaka kufanya na pesa ni za nani, andikeni muhtasari wa kikao, kila mtu asaini, shahidi mmoja wa nje ya familia. Kama mirathi haijafunguliwa, hilo nalo mlizungumze siku hiyo hiyo.

Na kibali. Rangi na tailizi hakuna atakayekuuliza, ila kuongeza choo, kubadilisha paa na kuvunja ukuta wa kubeba ni jambo la halmashauri. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa wakuelekeze kwa watu wa halmashauri, uulize gharama na muda wake uziweke kwenye bajeti toka sasa. Watu wanasubiri mpaka wapigiwe X ya kubomolewa ukutani ndio wanakimbia.

---

Kitasa_Kipya

Mzee karani hapo umenigusa pabaya. Mirathi hatujafungua, miaka minne sasa, kila mtu anaogopa kuwa wa kwanza kulitaja. Tuko watano. Jumapili ijayo tuna arobaini ya shangazi wote tutakuwa pamoja, nitaongea na kaka mkubwa kwanza pembeni.

Pima Maji ubarikiwe, Jumamosi nitanunua huo mpira.

---

Mwana_Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Yangu ni machache lakini ni ya mtu wa pwani kwa mtu wa pwani.

Sisi nyumba ya marehemu babu tuliipiga plasta mpya na rangi nzuri ya krimu, baada ya mvua mbili rangi ikaanza kujaa malengelenge kutoka chini kwenda juu, futi tatu hivi, ukigusa inadondoka unga mweupe. Chumvi. Ukuta unafyonza maji kutoka ardhini na yanapanda nayo. Na sisi tuliongeza chumvi kwa mikono yetu, maana simiti ilichanganywa na maji ya kisima, na huku visima vingi maji ni ya chumvi, wallahi hata chai hayafai. Mchanga nao hatukujua ulitoka wapi. Chumvi hiyo ikifika kwenye nondo inazila, nondo zikishika kutu zinavimba zinapasua zege.

Kwa hiyo kabla hujapanga rangi, angalia kuta zako chini kwa chini kama zina unga au madoa. Ukiuona, kwangua plasta ya hapo yote mpaka kwenye tofali uache ikauke, usiifunike na tailizi za ukutani kama alivyotushauri jamaa mmoja, unyevu ulipanda tu ukatokea juu ya tailizi. Na maji ya kujengea yawe ya kunywa. Onja mchanga, kweli onja, weka kidogo kwenye ulimi.

Umeme fanya wote upya wakati ukuta umefunguliwa, usifanye nusu. Kwetu wanatumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi, jiko la umeme na hita ya maji zinapewa njia zao zenye waya mnene zaidi. Na waya wa ardhi uwepo, hizo nyumba za zamani nyingi hazina.

---

Pima_Maji

Kisauni umemaliza. Naongeza tu mita ya Luku, kama unataka ihame kutoka sebuleni kwenda nje, hiyo wanahamisha TANESCO wenyewe, omba mapema. Asije fundi wa mtaani akakuambia ni dakika tano. Ni dakika tano kweli halafu faini.

---

Niko_Maskati

Mimi sina ufundi ila nimekarabati nyumba Zanzibar nikiwa huku Oman kwa kupitia simu, kwa hiyo nina digrii ya kudanganywa.

Picha usiziamini hata kutoka kwa ndugu. Nilitumiwa picha ya dari nzuri sana, kuja likizo kumbe ni dari ya jirani, yangu ilikuwa bado mbao zinaning'inia. Sasa hivi nataka video, aanzie getini, aingie bila kukata, apite kila chumba, aseme na tarehe. Wewe upo Dar lakini unashinda kazini, kwa hiyo uko mbali kama mimi tu. Mpe mtu mmoja kazi ya kupokea mzigo na kuhesabu mifuko, na asiwe rafiki wa fundi.

Na tenga pesa ambayo hutaitaja kwa mtu. Mimi natenga moja ya tano. Ukiwa na 16, waambie wote kuanzia fundi mpaka mke kwamba una 13.

---

Bi_Rukia_wa_Ukonga

Niko Maskati mke naye umemficha? Haya.

---

Kitasa_Kipya

Wakuu nimerudi na ripoti, wiki mbili hizi zimekuwa ndefu.

Kikao kimefanyika. Kaka mkubwa alianza kwa kununa akidhani nataka nyumba, mama akamkatiza akasema mimi nataka choo, nyumba mtaizungumza nikiwa nimekaa. Tumeandika muhtasari, na kaka ndiye atakwenda mahakama ya mwanzo kufungua mirathi Januari. Dada wa Morogoro kaahidi mifuko ishirini ya saruji, tutaona.

Juu ya dari nimepanda mimi mwenyewe. Kenchi za upande wa sebule ni ngumu bisibisi haiingii, lakini tatu za upande wa chumba cha mama zimekwisha, moja niliishika ikabaki mkononi. Na ule ukuta niliotaka kuvunja umekaliwa na kenchi mbili. Kwa hiyo ukuta nimeuacha, jiko litabaki uani, nitalisakafia na kuliezeka vizuri basi. Mama wala hakuhuzunika, amesema jiko la ndani ni la watu wasiopika samaki.

Ufa, nimeweka alama. Siku kumi na mbili, haujasogea hata milimita. Naendelea kupima.

Sasa mpira. Nilishika mimi shimoni, mtoto wa dada alishika chumbani, tukawa tunaitana kwa kupiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kutoka chumba cha mama mpaka shimoni ni mita 17, kwa hesabu ya Pima Maji ilitakiwa tushuke kama 72. Tulichopata ni 52. Haifiki. Nikakumbuka yale ya kuinua sakafu na ngazi, nikamwambia mama, choo kikae upande wa mbele, tukate kipande cha chumba cha pili, mita 6 tu kufika shimoni, na wewe uhamie chumba hicho. Hapo ni 15 na 30, jumla 45, inatosha na zaidi.

Amekubali kwa masharti. Mlango wa choo usitazame sebuleni. Na sinki la kukaa lisielekee kibla wala kukipa mgongo. Hilo sikuwa nimeliwaza kabisa, na kwa hapa kwetu kibla ni kaskazini, kwenye mchoro wangu sinki lilikuwa limetazama kaskazini sawasawa. Nimelizungusha litazame mashariki, bomba limesogea kama nusu mita, bado tunafika.

Kwa hiyo mpango ni huu: Januari mapema kenchi tatu na bati upande wa mama tu, ule wa sebule usubiri Juni. Februari choo, zege na mabomba. Masika tunapumzika, kikoba kinavunjwa. Juni bati za sebule, umeme wote, plasta. Julai dari na rangi. Tailizi chumbani kwa mama na chooni pekee, sebuleni wageni wa Tanga watakanyaga saruji iliyosuguliwa, na Bi Rukia naomba nikuazime mkeka.

Kuna nilichosahau?

---

Bi_Rukia_wa_Ukonga

Mkeka upo, njoo uuchukue. Mwambie mama nampa salamu, namtaka huyo wa jiko na samaki.

---

Pima_Maji

Kazi nzuri sana, wenye nyumba kama wewe ni wachache. Swali moja tu. Kabla ya kupima, huo mpira mlitoa mapovu ya hewa yote?

---

Kitasa_Kipya

Mapovu gani tena fundi?

---

Pima_Maji

Rudia kupima.